Baiskeli ya mtumba: dalili, chanzo na dawa yake

Cheni yenye kutu humtisha mnunuzi mgeni, na rangi mpya humvutia. Ingefaa iwe kinyume. Cheni ni kipuri cha kubadilisha kwa robo saa, lakini rangi iliyopakwa kwa brashi juu ya fremu kuukuu inaweza kuwa imeziba ufa ambao hakuna fundi atakayeuondoa. Shida ya anayeanza si kwamba haoni kasoro. Huziona nyingi mno, na zote kwake zina uzito mmoja.

Hapa tunakwenda kwa dalili. Karibu kila dalili ya baiskeli ina vyanzo viwili au vitatu: kimoja ni cha kurekebisha bure, kingine ni cha kukufanya uirudishe baiskeli kwa mwenyewe na kuaga. Kwa hiyo kila dalili ina jaribio lake dogo la kutenganisha vyanzo hivyo.

Unapokwenda kuitazama baiskeli, beba spana ya milimita 15, alenki za milimita 4, 5 na 6, futi ya kupimia yenye inchi, uzi wa mita 3, pampu na kitambaa. Kitambaa usikisahau, kwa sababu nyufa hukaa chini ya tope.

Fremu na foku

Anza hapa. Foku ni miguu inayoshika gurudumu la mbele. Uamuzi wa kununua au kuacha unafanyika kwenye fremu. Vingine vyote ni vipuri.

*Rangi imekunjamana, au kuna uvimbe kwenye bomba linaloshuka kutoka shingoni (bomba fupi la mbele linalopokea usukani).* Pitisha kidole chini ya bomba hilo, sentimita chache nyuma ya shingo, kisha fanya hivyo kwenye bomba la juu. Mkunjo wowote pale maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele na chuma kikajikunja. Usinunue. Hapa hakuna jaribio la pili.

*Kuna mstari mwembamba kwenye rangi.* Ni mkwaruzo au ni ufa? Futa vizuri, kisha pitisha kucha kwa kuukatiza. Mkwaruzo hufuata njia ya kitu kilichoparuza na mara nyingi umenyooka. Ufa hufuata ukingo wa weldi au huzunguka bomba, na kwenye fremu ya chuma hutoa kutu inayochuruzika. Tazama sehemu nne: shingoni, pale bomba la kiti linapokutana na bomba la juu, kuzunguka ekseli ya kati inayobeba mikono ya pedali, na kwenye masikio yanayoshika gurudumu la nyuma. Fremu ya chuma iliyopasuka kwenye sikio la nyuma inaweza kuchomelewa na mtu anayejua kazi. Ya alumini iachwe, maana joto la kuchomelea hudhoofisha alumini pembeni mwa weldi. Ya kabonifaiba anayeanza asiiguse kabisa, kwa sababu inaweza kuwa imevunjika ndani na nje isionekane kitu.

*Baiskeli inavuta upande mmoja.* Hii ndiyo dalili inayowadanganya wengi, kwa sababu ina vyanzo vinne. Kwanza legeza nati za magurudumu yote mawili, yakalishe katikati, kaza, jaribu tena. Mara nyingi shida inaishia hapo. Ikiendelea, inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole kwa kidole kimoja. Ukikwama kidogo pale unaponyooka, kama unaoingia kwenye kijishimo, gololi za shingo zimechimba vikombe vyake. Hiyo ni kazi ya kubadilisha vikombe na gololi, haiui baiskeli.

Usukani ukiwa laini na baiskeli bado inavuta, chukua uzi. Funga ncha moja kwenye sikio la nyuma la kushoto, upitishe mbele ya shingo, urudishe hadi sikio la kulia, uukaze. Pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 au 2 haina neno. Ikizidi 4, fremu imepinda. Baada ya hapo simama ubavuni mwa baiskeli utazame foku: mstari wa shingo unapaswa kuendelea moja kwa moja ndani ya miguu ya foku kabla haijaanza kukunja kwenda mbele. Ikiwa miguu imerudi nyuma na gurudumu limesogelea bomba, foku imepinda. Foku ya chuma hubadilishwa, ila kumbuka kwamba pigo lililoipinda lilipita pia kwenye fremu, kwa hiyo rudi kwenye dalili ya kwanza na utazame upya kwa makini zaidi.

*Kiti hakipandi wala hakishuki.* Legeza bolti ya kiti ukizungushe kushoto na kulia. Bomba la alumini lililokaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hushikana nayo kwa kutu, na kulitoa kunaweza kuchukua siku kadhaa za mafuta ya kupenya na nguvu nyingi. Kama urefu uliopo si wako, achana na baiskeli hiyo. Likitoka, tafuta alama ya mwisho wa kuinua: ikiwa kiti kinakufaa tu alama ikiwa nje, fremu ni ndogo kwako. Ukisimama umepanda bomba la juu, miguu yote chini, pabaki nafasi ya sentimita 3 hivi.

Geuza baiskeli usome namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya kati. Ikiwa imepigwa tupa au kufutwa, usiguse pesa yako. Ikiwepo, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji.

Magurudumu

*Gurudumu linayumba kushoto na kulia.* Lizungushe na utumie raba ya breki kama kipimo. Mayumbo yasiyofika milimita 1 hayasumbui mtu. Yakifika 3 yatagusa breki. Sasa bana spoku mbili mbili kwa vidole, gurudumu zima. Spoku zikiwa zimelegea pale penye yumbo, una bahati: kazi ni kukaza. Zikiwa zote zimekaza na ringi bado imeinama, basi ringi yenyewe imepinda, na spoku haziwezi kuinyoosha bila nyingine kulegea mno na nyingine kukaza hadi zikatike. Ikikosekana spoku moja tu, tazama upande wa sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) wa gurudumu la nyuma. Huko ndiko hukatika zaidi, pale kwenye kona inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa sababu spoku za upande huo zina mvuto mkubwa kuliko za upande mwingine.

Namna ya kunyoosha: geuza baiskeli miguu juu, tia tone la mafuta kwenye kila nipeli (kinati kidogo kinachoshika spoku kwenye ringi), subiri nusu saa. Ringi ikivuta kulia, kaza spoku mbili au tatu zinazokwenda upande wa kushoto mwa habu, robo mzunguko kila moja, na ulegeze za kulia zilizo katikati yake kwa kiasi hicho hicho. Nipeli hukazwa kuelekea kulia ukiitazama kutoka upande wa tairi. Ukiitazama kutoka kwenye habu inaonekana inakwenda kushoto, na hapo ndipo wanaoanza hukosea wakaongeza yumbo badala ya kulipunguza. Zungusha, tazama, rudia. Anayekaza mzunguko mzima kwa mara moja atakuwa na kazi mara mbili. Tumia ufunguo wa spoku unaoenea sawasawa, maana nipeli iliyoviringwa kona zake haikazwi tena.

*Gurudumu linaruka juu na chini.* Kabla hujailaumu ringi, tazama mstari mwembamba uliochorwa kwenye ubavu wa tairi, juu kidogo ya ukingo wa ringi. Uwe na umbali ule ule mzunguko mzima. Ukizama mahali, tairi haijakaa. Toa upepo, vuta tairi kwa mikono, paka maji ya sabuni, jaza tena. Mstari ukiwa sawa na bado gurudumu linaruka, ringi ilipiga shimo ikabonyea. Kwenye baiskeli za breki za vyuma badala ya waya, ambazo raba zake hupanda na kugusa uso wa ndani wa ringi, kuruka huku kunasumbua zaidi kuliko kuyumba, kwa sababu raba zitashika na kuachia kila mzunguko.

*Ubavu wa ringi umeliwa.* Hii ni kwa ringi za alumini zinazobanwa na raba. Weka ukingo ulionyooka wa rula kwenye uso wa breki. Ukiona mwanga chini yake, pametengenezeka bonde, ringi imekonda. Ringi iliyokonda inaweza kupasuka kwa upepo wa tairi ukiwa mwendoni. Badilisha.

*Gurudumu linacheza.* Shika ringi uitikise kushoto na kulia. Likigonga "tak tak", koni za habu (nati zinazobana gololi kwenye ekseli) zimelegea au gololi zimeisha. Tofauti ya gharama ni kubwa, kwa hiyo fungua uone. Utahitaji spana nyembamba: kwa habu nyingi ni milimita 13 mbele na 15 nyuma. Andaa bakuli, maana gololi hukimbia. Kawaida mbele kuna 10 za inchi 3/16 kila upande, nyuma 9 za inchi 1/4 kila upande. Lakini hesabu ulizokuta kwako, kama hakuna aliyewahi kupoteza moja kabla yako. Futa vyote, kisha tazama njia ya gololi kwenye koni. Ikiwa laini na inang'aa, weka gololi mpya na grisi mpya. Ikiwa na vishimo, badilisha koni. Vishimo vikiwa kwenye kikombe kilicho ndani ya habu yenyewe, habu imekwisha na ni nafuu kutafuta gurudumu zima.

Kurudisha: jaza grisi, panga gololi, kaza koni kwa vidole hadi zishike, rudisha nyuma kidogo, kisha funga nati ya juu ukiwa umeizuia koni isizunguke. Karibu kila mara kukaza nati kunabana koni zaidi, kwa hiyo utarudia mara tatu au nne mpaka ekseli izunguke laini bila kucheza. Usikate tamaa mara ya pili. Ukiwa umeitoa, izungushe ekseli ya nyuma kwa vidole: ncha ikichora duara badala ya kukaa palepale, imepinda, na lazima ibadilishwe kabla haijakatika.

Upepo unaisha

Wengi huziba tundu na kusahau kuuliza limetoka wapi, kisha wanaziba tena keshokutwa. Mahali lilipo tundu panaeleza chanzo, kwa hiyo kabla ya kutoa tyubu weka alama kwenye tairi mahali valvu ilipo, ili baadaye uweze kuzilinganisha.

Tundu moja upande unaogusa tairi ni mwiba, kioo au kipande cha waya, na mara nyingi bado kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa ndani ya tairi badala ya kidole. Kitanasa penye ncha. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni tyubu kubanwa kati ya ringi na shimo la barabarani, na dawa yake ni upepo wa kutosha, si tairi jipya. Tundu upande wa habu ni ncha ya spoku iliyochomoza au utepe wa ringi uliosogea: piga tupa ncha hiyo na uweke utepe upya, ufunike kila kichwa cha nipeli. Mpasuko kwenye shina la valvu unaonyesha tairi lilikuwa linateleza juu ya ringi kwa sababu ya upepo mdogo, likaivuta valvu. Huo hauzibiki.

Tyubu ikizamishwa majini na isitoe mapovu popote, tia mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitoka, kaza moyo wa valvu au ubadilishe. Baiskeli za zamani zina valvu yenye mpira mdogo mwembamba ndani. Huo huoza, na kuubadilisha ni kazi ya dakika moja.

Kuziba: sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, futa vumbi, paka solusheni nyembamba, usubiri dakika 5 hadi iache kung'aa. Watu hushindwa hapo kwenye kusubiri. Kiraka kikiwekwa juu ya solusheni mbichi kitaelea. Kibandike, kikandamize kwa nguvu kuanzia katikati kwenda kingoni. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, na malizia kuingiza tairi kwa mikono, upande wa valvu mwisho. Vyuma vya kufungulia tairi hutoboa tyubu mpya nyingi kuliko miiba.

Ukinunua tairi, usitegemee inchi. Kuna tairi zaidi ya aina moja zinazoitwa 26 na haziingiliani. Soma namba mbili zenye kistari kwenye ubavu: katika 50-559, 50 ni upana na 559 ni kipenyo cha ringi mahali tairi linapokaa, vyote kwa milimita. Baiskeli nyingi za milimani za inchi 26 ni 559. Lakini 26 x 1 3/8 ni 590. Zile ndefu za kizamani za 28 x 1 1/2 ni 635, ilhali 700C ni 622. Namba ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza inaweza kupishana kidogo mradi tairi lisiguse fremu. Tairi ambalo ubavu wake unaonyesha nyuzi litupwe, hata kama kashata zake bado zimesimama.

Cheni inaruka

*Unakanyaga kwa nguvu, pedali inateleza ghafla.* Pima cheni. Weka alama ya inchi 1 ya futi katikati ya pini moja, kisha uende hadi alama ya inchi 13. Cheni mpya itakuwa na pini hapo hapo. Pini ikiwa imepita kwa milimita 1.5, cheni imechakaa lakini sproketi huenda bado zimepona: badilisha cheni sasa uziokoe. Ikipita milimita 3, cheni imeshazila sproketi za nyuma na zote zibadilishwe kwa pamoja. Kuweka cheni mpya juu ya sproketi zilizoliwa ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na matokeo yake ni baiskeli inayoruka zaidi kuliko mwanzo. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Lililoliwa limeinama kama wimbi.

*Inaruka mara moja kila baada ya mizunguko miwili na nusu ya pedali hivi.* Hicho ni kiungo kimoja kigumu. Rudisha pedali nyuma polepole utazame cheni inapopita kwenye magurudumu madogo ya kibadilisha gia. Kiungo kigumu kitapita kimekunjika. Tia mafuta, kikunje kwa ubavu kushoto na kulia hadi kilegee.

*Pedali zinazunguka bure mbele na nyuma, baiskeli haiendi.* Ndani ya friwili (kifaa cha sproketi za nyuma kinachoruhusu gurudumu lizunguke bila pedali) kuna meno madogo yanayosukumwa na springi, na grisi iliyoganda huyazuia yasiinuke. Laza gurudumu, mimina mafuta mepesi kwenye mwanya wa friwili huku ukiizungusha, acha usiku mzima. Ikirudi kulia "tik tik", imepona. Isipolia, badilisha friwili.

Kwa baiskeli isiyo na gia, cheni iwe na mchezo wa sentimita 1 hivi juu na chini katikati. Ipime sehemu kadhaa ukizungusha pedali, kwa sababu sproketi zisizo duara kamili hukaza upande mmoja na kulegeza mwingine. Rekebisha pale inapokaza zaidi.

Gia zisizoingia: simama nyuma ya baiskeli utazame magurudumu mawili madogo ya kibadilisha gia. Yanapaswa kuning'inia wima chini ya sproketi. Yakiinama kuelekea spoku, sikio linalokishika limepinda, huenda baiskeli iliangukia kulia. Usiguse skrubu yoyote kabla ya kulinyoosha au kulibadilisha. Utaharibu mpangilio uliokuwa sawa. Sikio likiwa limenyooka na cheni inasita kupanda sproketi kubwa, waya umelegea: zungusha kirekebishi cha waya nusu mzunguko kinyume cha saa, jaribu, ongeza. Ikisita kushuka kwenye ndogo, sababu kubwa ni kutu ndani ya kava la waya, na dawa ni waya na kava vipya. Ikivuka sproketi kubwa na kuangukia spoku, kaza skrubu yenye herufi L kabla hujapanda tena. Cheni ikiingia kwenye spoku ukiwa mwendoni, gurudumu linasimama papo hapo.

Sauti

Sauti hutembea kwenye fremu, kwa hiyo sikio litakuonyesha mahali pasipo. Hesabu mapigo badala yake.

Ikilia mara moja kila mzunguko wa pedali, ni pedali, mkono wa pedali au ekseli yake. Ikiwa ya haraka kuliko pedali na inaendelea hata ukiacha kukanyaga, ni gurudumu: spoku, ringi inayogusa breki, kitu kwenye tairi. Ikikoma mara tu unapoinuka kitini, ni kiti au bomba lake; fungua, paka grisi, kaza. Ikilia unapovuta usukani, ni shingo ya usukani. Mlio wa ndege unaokwenda na kanyagio ni cheni kavu: tone moja kwa kila kiungo, upande wa ndani, subiri dakika chache, kisha futa yote ya nje. Mafuta yanayoonekana nje ya cheni hayalainishi kitu, yanakusanya mchanga.

Pedali na mikono yake

*Mkono wa pedali unacheza.* Shika mikono yote miwili uitikise kwa ubavu. Ikicheza yote pamoja, ekseli ya kati imelegea au gololi zimeisha, na hilo linatengenezeka. Ukicheza mmoja tu, bolti yake imelegea, na hapa haraka inahitajika. Mkono wa alumini unaokaa kwenye ekseli ya pembe nne ukiendeshwa siku chache ukiwa umelegea, tundu lake linatanuka na halitashika tena hata ukazwe vipi. Ukiukaza leo, ukalegea tena kesho, usiendelee kukaza: badilisha mkono. Kwa ile mikono ya zamani inayoshikwa na pini, ikiwa mmoja unacheza, gonga pini ndani kwa nyundo huku chuma kizito kikiwa chini ya mkono, ndipo ukaze nati. Nati peke yake haivuti pini. Inakata thredi zake.

*Pedali haifunguki, au haikazi.* Ya kushoto ina thredi za kinyume. Spana ya 15 ikiwa imesimama wima juu ya ekseli ya pedali, kuivuta kuelekea gurudumu la mbele ni kukaza na kuelekea la nyuma ni kufungua, pande zote mbili. Tazama herufi L na R. Pedali ya kulia ikilazimishwa kushoto itakata thredi za mkono, kwa hiyo mizunguko mitatu ya kwanza ifanywe kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, kuna kosa. Paka grisi kabla.

Breki

Usiitoe baiskeli barabarani kabla ya kumaliza sehemu hii, hata kwa jaribio la mita mia.

*Mkono wa breki unagusa usukani.* Tazama raba kwanza: mifereji yake ikiwa imekwisha, badilisha. Zikiwa nzima, waya umelegea au unateleza kwenye bolti inayoubana. Ukaze, kisha bana breki kwa nguvu zako zote mara kumi. Ukirudi kulegea, ni bolti. Waya ulioanza kuchanika nyuzi, hata mmoja, ubadilishwe. Wa breki una unene wa milimita 1.5 hivi, wa gia ni mwembamba zaidi, na kava la gia lisiwekwe kwenye breki: nyuzi zake zimelala kwa urefu na zinaweza kupasua kava ukibana kwa nguvu.

*Mkono ni mgumu na unarudi polepole.* Ondoa waya kwenye breki. Mkono ukibaki mgumu, kutu iko ndani ya kava. Ukiwa laini, jaribu kwa vidole mikono inayobeba raba kwenye gurudumu. Ikiwa imekauka kwenye egemeo, ifungue, ipige msasa, itie grisi.

*Unabana vizuri lakini baiskeli haisimami.* Raba zimekauka au ringi ina mafuta. Osha ringi kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti. Sugua uso wa raba kwa msasa hadi weusi usiong'aa uonekane, na chomoa vipande vya chuma vilivyonasa. Ringi za chuma chenye kromu zikilowa hushika vibaya sana hata kwa raba mpya. Anza kubana mapema mvua ikinyesha. Kwa breki za diski, pedi iliyobaki chini ya milimita 1 ibadilishwe, na iliyoingia mafuta itupwe, haioshiki.

*Zinapiga kelele.* Weka kadibodi nyembamba chini ya ncha ya nyuma ya raba, bana breki, kaza raba, toa kadibodi. Sasa ncha ya mbele inagusa kwanza kwa tofauti ya milimita 1 hivi, na mtetemo unaisha.

*Raba moja inagusa muda wote.* Usianze na breki. Legeza gurudumu, likalishe katikati, kaza. Nusu ya breki zinazoonekana mbovu upande mmoja zinapona hapo.

*Breki ya kukanyaga nyuma haishiki.* Fuata mkono wa chuma unaotoka kwenye habu hadi kwenye fremu. Lazima ufungwe kwa kishikizo chake. Kishikizo kikikosekana, mkono huzunguka pamoja na habu na unaweza kusokota ndani ya spoku.

Raba zipangwe zibane ringi tu. Raba inayogusa tairi itakata ubavu wake kwa safari chache, na ile inayoteleza chini ya ringi itaingia kwenye spoku.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, rudi na spana: bolti za mikono ya pedali, nati za magurudumu, koni za habu ulizozifungua, na spoku ulizokaza. Waya mpya utakuwa umelegea pia, uvute upya kwenye bolti yake na ukate ncha iliyozidi, ukiacha sentimita 4 za kushika.